Mwanangu, anzia forodhani

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Barua yako nimeipata Ijumaa, kaka yako kaniletea alipotoka stendi. Nimeisoma kabla ya alasiri, nikaisoma tena baada ya kuswali. Unasema umemaliza kuwasomea darasa la nne Adili na Nduguze, mtoto mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, huyu aliyekitunga alikuwa nani?" nawe ukajikuta una sentensi tatu tu za kumpa. Sasa unataka kuwaandikia kijitabu cha maisha ya Shaaban Robert, na unaniuliza mimi niliyebaki huku kwao uanzie wapi, na habari zikigongana ushike ipi.

Anzia forodhani, mwanangu. Usianze na sifa. Najua mkono utakuvuta uandike kwamba yeye ni Shakespeare wa Afrika, maana ndivyo tulivyozoea kusema majukwaani. Mtoto wa miaka 10 hamjui Shakespeare, na sifa haimwonyeshi mtu. Mwonyeshe karani. Huyu bwana kazaliwa 1 Januari 1909, Vibambani, pale Machui, kusini ya mji wetu. Kasoma Msimbazi, Dar es Salaam, 1922 hadi 1926, akaingia serikalini kuwa karani wa forodha, kazi iliyomweka mpaka 1944, na Pangani ni mojawapo ya vituo vyake. Baadaye akapelekwa Mpwapwa kwenye idara ya mifugo, kisha akarudi Tanga: kwanza ofisi ya wilaya, halafu ofisi ya upimaji, mpaka 1960.

Sasa weka vitabu juu ya hesabu hiyo uone. Kusadikika kimetoka 1951, Adili na Nduguze 1952. Miaka hiyo mtunzi wetu hakuwa amekaa barazani akingoja maneno yamjie. Asubuhi alikwenda ofisini, akaandika barua za wakubwa wa kikoloni, akapanga mafaili. Nchi ile ya kubuni iliyomo katika Kusadikika, ambamo mtu anashtakiwa kwa kuleta mawazo mapya imeandikwa na mtu anayelipwa mshahara na serikali hiyohiyo. Hilo watoto wako watalielewa upesi kuliko unavyodhani. Wana baba na mama wanaoondoka alfajiri kwenda kazini na kurudi wamechoka.

Ukija likizo twende Pangani. Ni kama kilomita 50 tu, na njiani tutapita jirani na Machui, halafu Tongoni penye magofu. Nataka ukae kwenye kingo za mto, karibu na jengo la zamani la forodha, utazame pantoni inavyovusha watu kwenda Bweni. Kaa saa nzima. Andika unachokiona: magunia, kamba, maji ya mto yanavyobadilika rangi yanapokutana na bahari. Kijitabu cha watoto kinahitaji mahali, na mahali hapapatikani maktabani.

Maktabani nako utakwenda, tena sana. Kwanza soma alichosema mwenyewe. Maisha Yangu kimetoka 1949, na baadaye, 1966, kikachapishwa pamoja na Baada ya Miaka Hamsini. Ukisoma utaona utoto wake kaupitia mbali. Anachotaka tukijue ni mtu mzima: mume, baba, mtumishi. Amina, mkewe, anapofariki, maneno yanakuwa mazito mpaka unaona haya kuendelea, kama mtu aliyeingia chumba cha matanga bila kubisha hodi. Humo humo ndimo mna tenzi mbili alizowatungia wanawe, Hati kwa binti na Adili kwa mvulana. Zitazame vizuri. Ni mzazi anayemwandikia mtoto wake namna ya kuishi, kwa sababu mama hayupo tena. Miaka kadhaa baadaye jina la Adili linarudi, safari hii ni la liwali katika hadithi. Mimi nikiwa darasani nilikuwa nawaambia wanafunzi, angalieni neno ambalo mtunzi hakubali kuliacha.

Lakini mtu akijieleza huchagua, kama mwenyeji anayemfungulia mgeni sebule tu. Kwa hiyo tafuta Barua za Shaaban Robert, zile za 1931 hadi 1958 alizomwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge. Profesa Mulokozi ndiye aliyezihariri na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikazitoa. Barua hazikuandikwa tuzisome sisi, ndiyo maana zina uzito. Na huyo Ulenge usimpite hivihivi. Naye alikuwa mtunzi, hadithi zake za Nguzo ya Maji zilitoka 1951 na watoto wa wakati ule wakazisoma. Ndugu wawili, mmoja anatoa kitabu mwaka huu, mwenziwe mwaka unaofuata. Hapo pana sura nzima ya kijitabu chako.

Kuhusu habari kugongana. Swali la kwanza liwe: aliyesema haya aliyaandika lini, na alikuwa wapi? Barua ya mwezi uleule naiamini kuliko hotuba ya miaka 40 baadaye. La pili, usichanganye mwaka wa kuandika na mwaka wa kuchapishwa. Mtunzi alifariki Juni 1962, miezi sita tu baada ya Uhuru. Kufikirika kikatoka 1967, Utubora Mkulima 1968. Nimeona daftari la mwanafunzi limeandikwa kwamba Shaaban Robert "aliandika Kufikirika mwaka 1967", na mwalimu kaweka alama ya vema kwa wino mwekundu. Marehemu haandiki kitabu. Mweleze mtoto kwamba kitabu kinaweza kusubiri miaka kikiwa mswada, ataelewa na atahuzunika kidogo, na si vibaya.

Tena lipo la jina. Watu husikia Robert wakadhani alikuwa Mkristo. Alikuwa Mwislamu. Liseme mapema, bila kulifanya jambo kubwa. Na katika orodha za maktaba mtafute kwa S na kwa R, maana kila mkutubi ana mpango wake. Magazeti ya zamani usiyasahau, hasa Mambo Leo lililoanza 1923. Mashairi yake mengi yalipita mle kabla hayajaingia vitabuni, na ukiyakuta gazetini unaona na majirani zake: bei za mazao, matangazo, mashairi ya wenzake wakijibizana. Nenda Dar es Salaam, chumba cha Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu, na Nyaraka za Taifa. Beba penseli, wino hawapendi karibu na karatasi kuukuu.

Kazi moja ambayo ningeifanya mimi kama macho yangu yangekuwa ya zamani ni kukaa na Adili na Nduguze mkono huu, na Alfu Lela Ulela mkono huu. Hadithi ya liwali na ndugu zake wawili imo katika zile za Kiarabu, ila kule ndugu waligeuzwa mbwa. Shaaban Robert kawafanya manyani. Kwa nini? Mimi naona ni kwa sababu huku kwetu mbwa tayari ni mnyonge, ukimpiga hakuna anayeshtuka. Nyani ana vidole, ana uso, akikutazama unaona kama anataka kusema. Liwali anapowacharaza usiku msomaji lazima asikie uchungu. Na kawapa majina, Hasidi na Mwivu, ili mtoto ajue kosa kabla ya adhabu. Waulize darasa lako kabla hujawaambia langu. Hapo ndipo unapomkuta mtunzi akifanya kazi, kuliko katika tarehe zote.

Wazee nimewaacha mwisho kwa sababu wananiuma. Aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1962 leo amevuka 70. Wapo, lakini hawatakungoja. Usiwaulize kama alikuwa mtu mwema, watakujibu ndiyo kwa heshima. Waulize alivaaje, alipita njia ipi, sauti yake ilikuwaje akisoma shairi. Kila jibu liandikie pembeni neno moja: kaona, au kasikia. Na jina la msemaji, na siku.

Nakuambia hivi kwa sababu nilikosea. Wewe ulikuwa bado unanyonya. Mzee mmoja, karani mstaafu, alinikuta dukani na kitabu mkononi akaniambia, "Huyo nilikaa naye meza moja." Tukasimama pale karibu nusu saa, muuza duka akitupisha wateja. Mzee alizungumza vizuri, kwa mpango, kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa. Sikuwa na kalamu. Nikamwahidi nitamfuata nyumbani mvua za masika zikikatika. Mvua zilikatika, nikawa na mitihani ya kusahihisha. Nilipokwenda nikakuta wanatandua matanga. Nilichobaki nacho ni sentensi ile moja, na hata jina lake kamili sikulishika. Hiyo usiiweke kitabuni, haina shahidi.

Nakala yetu ya Adili na Nduguze nimempa kondakta wa basi la Jumatatu, imefungwa ndani ya kanga yangu ya zamani. Jalada lilikwisha toka, nimelishona kwa uzi wa ukili. Pembezoni utakuta nyani wawili wa penseli, mmoja ana mkia mrefu mpaka ukurasa wa pili. Uliwachora ukiwa na miaka sita, nikakuchapa kofi la mkono kwa kuharibu kitabu, kisha nikashindwa kuwafuta. Waonyeshe wanafunzi wako.

Wasalimie wote hapo, na baba watoto. Nijibu ukishapata zile barua.

Mama yako