Maswali ya Wasomaji: Gari ya Spoti ya Mtumba kwa Ajili ya Wikiendi, Nichukue Ipi?

Safari hii maswali yamemiminika ya gari za spoti za mtumba, zile za kutoa Jumamosi na Jumapili kwa raha ya kuendesha tu. Nimechagua machache ambayo majibu yake yatawafaa na wengine.

SWALI: Habari kaka. Nna gari ya kawaida ya kwendea kazini, sasa nimejibana nimepata hela kidogo nataka ya pili iwe ya spoti. Roho yangu iko kwenye Nissan 350Z ila kuna mtu anauza Mazda MX-5 ya zamani kwa bei nafuu. Washkaji wanasema MX-5 haina nguvu, ntaichoka ndani ya mwezi. Nifanyeje?

JIBU: Mdogo wangu, mi ningechukua MX-5, na ntakueleza kwa nini manake hao washkaji wanaangalia namba moja tu. 350Z ina injini ya V6 ya lita 3.5, nguvu farasi kama 280 hivi, ni gari nzuri siikatai, lakini uzito wake ni karibu tani moja na nusu. MX-5 ya kwanza kabisa, ile iliyotoka 1989 yenye taa za kuinuka, haifiki hata tani moja. Sasa ule uzito unaulipia kila mahali: tairi za 350Z ni pana na ghali na za nyuma zinaisha haraka, breki kubwa, mafuta inakunywa kwelikweli, alafu raha yake kamili unaipata kwenye spidi ambazo barabarani ni kosa. MX-5 ukiingia nayo kona kwa spidi ya kawaida tu unasikia kila kitu, usukani unakupa habari za tairi za mbele, gia inaingia kwa kusogeza kiganja, unaivuta injini mpaka juu kabisa na bado hujavunja sheria. Ndo maana imeuzika mpaka Mazda wakafikisha gari milioni moja za jina hilo mwaka 2016.

Ina vizazi vinne. Cha kwanza kiliisha 1997, cha pili 1998 mpaka 2005, cha tatu 2005 mpaka 2015, na cha nne ndo hiki kipya. Cha kwanza sa hivi wakusanyaji wamekivamia na bei imepanda, kwa hiyo kwa hela ya kujibana angalia cha pili na cha tatu. Cha tatu ni kizito kidogo, ila injini yake inatumia cheni ya taiming badala ya mkanda, na ukiwa mrefu unakaa vizuri zaidi.

Sharti langu ni moja: kutu. Hapa usimwonee mtu haya. Gari hizi paa lake la turubai lina vijitundu vya kupitishia maji ya mvua, vikiziba kwa majani na vumbi maji yanaingia ndani ya bodi na kutuama kule chini ya milango, mbele ya tairi za nyuma, na yanakula bati kutokea ndani. Wewe nje unaona rangi safi inang'aa. Piga magoti, pitisha vidole pale chini, ukikuta bati limevimba kama malengelenge au kuna kiraka cha lami nyeusi kimepakwa juzi juzi, achana nayo au shusha bei kwa gharama kamili ya kuchomelea upya. Kizazi cha pili ipigwe jeki pia uangalie fremu za mbele karibu na radieta, zile zinaoza kimya kimya na kuzitengeneza ni kazi kubwa. Injini na gia boksi za MX-5 zinatibika kirahisi, spea zipo na mafundi wanazijua, bodi iliyooza ndo inamaliza watu. Kama ni ile ya 1.6 ya miaka ya mwanzo kabisa, 1989 mpaka 1991, angalia na puli ya mbele ya krenki (ule mhimili unaozungushwa na pistoni) injini ikiwa inaunguruma, ikiyumba ondoka, manake krenki za miaka ile zilikuwa na udhaifu pale mbele.

Na kama roho itagoma na ukarudi kwenye 350Z, basi uliza sana habari za oili. Zile za gia za mkono za 2005 na 2006 zenye injini iliyoongezwa nguvu zinajulikana kwa kula oili. Chomoa stiki mwenyewe uangalie, usisubiri kuonyeshwa.

Gari yoyote utakayochagua, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika gusa boneti. Kama ni ya moto, kuna mtu ameshaiwasha, na wengine hufanya hivo makusudi ili moshi na kelele za asubuhi viishe kabla hujaja. Injini ikiwa ya baridi ndo inasema ukweli: moshi wa bluu ni oili inaungua, moshi mweupe mzito usiokatika wenye harufu tamu ni maji ya radieta yanaingia kwenye silinda, kugonga gonga kwa sekunde chache za mwanzo ni oili inachelewa kufika juu. Baadae barabarani weka gia ya nne ukiwa taratibu alafu kanyaga mafuta yote, mshale wa injini ukiruka juu na gari haiongezi mwendo basi klachi imekwisha. Alafu jaribu kupanga namba mbili injini ikiwa bado haijapata moto, ikikwaruza jua sinkro, zile pete za kulainisha gia inapoingia, zimechoka.

Hela usiimalize yote kwenye kununua. Tenga moja ya tano ya bajeti yako pembeni kabla hujaenda kuangalia gari yoyote, manake hakuna mtumba wa spoti utakaoingia nao nyumbani usihitaji tairi, oili zote, maji ya breki na pengine shokapu. Tairi zinadanganya sana kwenye gari za wikiendi, unakuta kashata (yale meno ya tairi) ziko nzima kabisa kwa sababu gari haitembei, kumbe mpira umekauka. Soma tarakimu nne za mwisho pale ubavuni kwenye namba za DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikishavuka miaka sita zitilie shaka, zikifika kumi badilisha hata kama zinang'aa.

SWALI: Kaka, nimeipenda Mazda RX-8. Bei yake ni ya chini kuliko zote nilizoona, kilometa chache, milango minne, inapendeza jamani. Mbona rahisi hivi? Kuna nini?

JIBU: Dada yangu, umeuliza vizuri, na jibu liko kwenye injini. RX-8 haina pistoni, ina rota mbili za pembe tatu zinazozunguka ndani ya nyumba yake, ujazo ni lita 1.3 tu lakini inazunguka mpaka karibu mara 9,000 kwa dakika, laini ajabu, na kwa kona gari hii ni tamu kuliko nyingi za bei mara mbili. Shida ni zile sili za kwenye ncha za rota. Zikichoka, mgandamizo, yaani ile nguvu ya kubana hewa na mafuta ndani ya injini, unashuka, na dawa yake ni kufungua injini nzima. Watu wanaliogopa hilo, ndo maana bei iko chini.

Kwa hiyo bila kupima mgandamizo usinunue, na upimwe kwa kifaa cha rota chenyewe, manake kila rota ina nyuso tatu na unatakiwa upewe namba tatu za kila rota. Kipimo cha kawaida cha pistoni kinakupa moja tu, uso mmoja mbovu unaweza kujificha humo. Kabla hata ya kipimo endesha gari mpaka ipate moto vizuri, zima, subiri kidogo, washa tena. Ikisumbua kuwaka ikiwa ya moto mshukuru mwenye gari uende zako.

Zile kilometa chache zisikutie moyo sana. Hii injini haipendi safari za kuisogeza tu kutoka hapa hadi pale, ukiiwasha ya baridi ukaizima baada ya dakika moja inaweza kujaa mafuta na kugoma kuwaka tena. Inapenda safari ndefu na kuvutwa juu ikishapata moto. Oili inakunywa kwa makusudi kabisa, ndivyo ilivyoundwa, ili kulainisha zile sili, kwa hiyo ni lazima uwe mtu wa kuchomoa stiki kila unapojaza mafuta. Plagi na koili nazo ni za kubadilishwa kwa wakati. Toleo la kuanzia 2009 walirekebisha mfumo wa kulainisha, ukilipata lenye mgandamizo mzuri mi nakuunga mkono kabisa. Ila kama huna hela ya akiba ya injini na gari hii ndo itakuwa pekee uliyonayo, iache.

SWALI: Nna mtoto mdogo, siwezi gari ya viti viwili. Kuna spoti yenye viti vya nyuma isiyo ghali kuitunza?

JIBU: Ipo. Toyota GT86 na pacha wake Subaru BRZ, zilitoka 2012, zina viti vya nyuma vinavyotosha mtoto, nguvu farasi 200, tairi za nyuma ndo zinasukuma, na tairi zake ni nyembamba kwa hiyo si ghali. Za 2012 na 2013 ziliitwa kurudishwa kwa ajili ya springi za valvu, uliza kama kazi ilifanyika na nani aliifanya, manake injini inafunguliwa sana na baadhi zilipata matatizo baadae kwa gundi iliyozidishwa kuziba njia ya oili. Kama bajeti haifiki huko, tafuta Suzuki Swift Sport ya 1.6 ya gia za mkono. Inavutwa na tairi za mbele, ndogo, nyepesi, ina viti vinne vya kweli na buti, na ukiipeleka kwenye kona utashangaa.

SWALI: Nimeona Subaru Impreza WRX imeongezwa turbo kubwa, eksozi, kompyuta imechezewa, bei ile ile ya zisizoguswa. Si ndo nimepata vya bure?

JIBU: Hapana. Nguvu iliyoongezwa imetoka kwenye maisha ya pistoni, klachi na gia boksi, na hujui aliyeichezea kompyuta alikuwa anajua au anabahatisha. Tafuta ambayo haijaguswa, hata kama ina kilometa nyingi zaidi, mradi ina rekodi za sevisi.

SWALI: Mimi ni mstaafu. Watoto wamekua, sasa nataka gari ya wazi mimi na mama tutembee nayo mwisho wa juma na tulale huko huko. Nasikia Porsche Boxster za zamani zimeshuka bei. Nisipotoshwe?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Umefikiria vizuri, na kwa safari ya watu wawili Boxster ina jambo ambalo wengine hawana: injini iko katikati, kwa hiyo ina buti mbili, mbele na nyuma, mabegi yenu yanaingia. Ukilinganisha na Toyota MR2 ya 1999 hadi 2007, nayo ni ya wazi na injini katikati na ni nyepesi mno, lakini haina buti ya maana, kuna kisanduku tu nyuma ya viti, mama atakulalamikia.

Boxster ya kwanza ilitoka 1996. Utasikia sana habari za beringi ya IMS, ni beringi ya shafti ya kati ndani ya injini, ikivunjika inaweza kuua injini yote. Siyo kila gari itavunjika, ila za miaka ya 2001 hadi 2005 hivi ndo zinaogopwa zaidi. Uliza risiti ya kubadilishwa. Kama hakuna, ibadilishwe siku klachi inaposhushwa, manake kazi ya kufika pale ni ile ile. Zilizotoka kuanzia 2009 injini yao haina beringi hiyo, hela ikiruhusu anzia hapo. Nyanyua pia mazulia chini ya viti uguse kama kuna unyevu, njia za maji za paa zikiziba maji yanaingia ndani na kule chini kuna vifaa vya umeme.

Jambo jingine mzee, kabla ya kulipa ingieni na mtoke mara kadhaa, wewe na mama. Gari hizi zimekaa chini sana na magoti yatasema. Mkiona ni tabu angalia MX-5 ya kizazi cha tatu yenye paa gumu la kujikunja, paa linashuka kwa kubonyeza kitufe na buti haipungui.

SWALI: Gari ya wikiendi inakaa siku tano au zaidi bila kutembea. Niiwashe kila asubuhi?

JIBU: Usiiwashe kila asubuhi, hapo ndo watu wengi wanaiharibu. Ukiwasha dakika tano ukazima, injini haijapata moto, unyevu unabaki ndani ya oili na kwenye eksozi, na betri umeitoa zaidi ya ulichoirudishia. Bora ikae wiki nzima alafu uitoe kwa nusu saa au zaidi ya mwendo wa kweli. Ikikaa wiki kadhaa iwekee chaja ndogo ya kutunza betri, ongeza upepo kidogo kwenye tairi zisipate bapa, na usivute hendibreki, iache kwenye gia uweke vigingi, manake pedi zikigandana na diski utaijua siku ya kutoka. Oili badilisha kila mwaka hata kama kilometa hazijafika, na maji ya breki kila miaka miwili kwa sababu yanafyonza unyevu, na ukishuka mlima mrefu unakanyaga breki mara kwa mara ule unyevu unachemka na pedali inazama mpaka chini.