Kwa anayeleta darubini Karamoja mara ya kwanza

Wengi wanaotoka Kampala huuliza kwanza: hii inakuza mara ngapi? Achana na swali hilo. Kwa nebula (mawingu ya gesi na vumbi angani) na galaksi (makundi makubwa mno ya nyota), kinachosaidia ni upana wa kioo na giza la mahali. Kioo cha inchi 8 kinatosha sana huku kaskazini-mashariki mwa Uganda, mradi mwezi usiwepo. Anza na lenzi ya ukuzaji mdogo. Ukishakipata kitu, ndipo uongeze.

Usihangaike na kitako cha darubini kinachotaka kuelekezwa Nyota ya Kaskazini. Uganda iko kwenye ikweta, kwa hiyo nyota hiyo imelala upeoni; hata kwenye hifadhi ya Kidepo, kaskazini kabisa, inainuka digrii nne hivi tu, na kilima chochote kinaificha. Kitako cha Dobson, unachosukuma kwa mkono, hakina shida hiyo.

Macho yape nusu saa gizani. Tochi ifunikwe kitambaa chekundu, simu ikae mfukoni. Mmoja akifungua WhatsApp, wote mnaanza upya, na nimeona watu wazima wakinuniana kwa hilo.

Mwishoni mwa Januari, saa mbili usiku, anza na galaksi ya Andromeda kabla haijatua kaskazini-magharibi. Mwanga wake umesafiri miaka kama milioni 2.5, lakini utaona doa la kijivu tu. Wageni hukata tamaa hapo. Zile rangi za pichani ni kazi ya kamera iliyokusanya mwanga kwa muda mrefu. Jicho halina uwezo huo. Kitu hafifu ukikikazia macho kinapotea, ukitazama kando yake kidogo kinajitokeza. Kikigoma, gonga bomba la darubini taratibu kwa kidole: kikitikisika, jicho hukinasa.

Saa nne nebula ya Orion iko juu kabisa. Tulia nayo dakika kumi. Katikati zimebanana nyota nne ndogo, na kuzizunguka wengine huona ukijani kwa mbali. Atakayevumilia hadi saa tisa atapata Omega Centauri kusini-mashariki, kundi la nyota zisizohesabika, na sehemu kubwa ya Ulaya hawaioni kamwe.

Tatizo la kiangazi ni moshi. Nyasi zinapochomwa, upeo wa kusini unakuwa ukungu mtupu, basi elekea vitu vya juu.

Na ndani ya hifadhi usitoke bila askari wake. Simba wapo, na aliyebandika jicho kwenye lenzi hasikii lolote.