Maswali na majibu: majani ya miti na dawa

Mwanafunzi wa Bagira, Bukavu, anauliza: Nililoweka majani ya mubirizi, mti wenye majani machungu, katika alkoholi, nikaweka dondoo (maji yaliyotoka humo) kwenye sahani ya kukuzia bakteria, pete safi isiyo na bakteria ikaonekana. Je, ni dawa ya vidonda?

Bado, na nasikitika kwamba swali hili hunifikia kila mara likiwa na pengo lilelile: husemi kama uliweka pia, kwenye sahani hiyohiyo, tone la alkoholi tupu. Usipoliweka, hujui kama kilichoua bakteria ni jani au ni alkoholi. Na bila antibiotiki inayojulikana pembeni, huna cha kulinganisha. Upana wa pete nao hudanganya, kwa kuwa kuna kemikali zenye nguvu ambazo husambaa polepole katika agari, ule utegili ulio kwenye sahani. Kwa hiyo zimua dondoo nusu kwa nusu, mara nyingi, mpaka upate kiwango kidogo kabisa kinachozuia bakteria kukua, kisha jaribu kiwango hicho juu ya seli za mwili uone kama kinazidhuru, kwa sababu javeli, dawa ya kung'arishia nguo, pia huua bakteria na hakuna anayeinywa.

Majani yakaushwe juani?

La. Kivulini, penye hewa.

Msomaji wa Kabare: Nina jani ambalo nyumbani tunalijua kwa jina la Kimashi, lugha yetu. Je, jina hilo latosha?

Halitoshi, kwa sababu jina moja huweza kubeba miti miwili kutoka kilima kimoja hadi kingine. Kata tawi lenye maua au matunda, libane kati ya magazeti, uandike mahali na tarehe, ulipeleke kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa katika kituo cha utafiti cha Lwiro kabla ya kusaga jani hata moja. Utafiti usio na tawi hilo hauwezi kurudiwa na mtu mwingine, na mimi siuhesabu kuwa utafiti.

Mama wa Kadutu: Mtoto ana homa. Nimchemshie majani ya mti wa kinini au artemisia?

Mama, mpeleke kituo cha afya leo hii apimwe malaria. Kwinini, dawa ya malaria, hutolewa katika gamba la mti huo wa kinini, si majani, na ikizidi hudhuru masikio na moyo. Artemisia, ambayo ni mmea mdogo wala si mti, ina artemisinini, kemikali inayoua vimelea vya malaria, lakini kemikali hiyo huyeyuka kwa shida katika maji, na kiasi chake hutofautiana shamba kwa shamba. Tu Youyou, mwanasayansi wa China aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alifanikiwa kuitoa alipoacha kuchemsha majani katika maji na kutumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 tu za Selsiasi, joto dogo lisiloiharibu. Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai yake kwa malaria: dozi pungufu huacha vimelea hai, na vinavyobaki huweza kuizoea dawa ya artemisinini ambayo hospitali zetu zinaitegemea. Wanaoiuza sokoni kwa vikombe wanajua kipimo cha kikombe, hawajui kipimo cha dawa iliyomo.