Re: CRP 14 na bado nakohoa, mbona sijapewa antibayotiki?

Mkuu, unashangaa daktari kukunyima antibayotiki wakati kipimo cha damu cha CRP kimesoma 14 na kikohozi hakijaisha. Hiyo 14 ni miligramu kwa lita, na kwa kikohozi ni ndogo. CRP ni protini inayotengenezwa na ini mwili ukipata maambukizi au uvimbe. Haikutajii ni mdudu gani. Mwongozo wa Uingereza wa 2014, kwa mgonjwa ambaye bado haijulikani kama ana nimonia, ulisema: chini ya 20 asipewe antibayotiki kwa mazoea, 20 hadi 100 aandikiwe za kusubiri, yaani azitumie baadaye tu asipopata nafuu, zaidi ya 100 apewe.

Ila ulipima lini? CRP huchukua saa kadhaa kuanza kupanda na hufika kileleni karibu siku ya pili, kwa hiyo aliyepima homa ikiwa mbichi anaweza kudanganywa na namba ndogo. Na virusi vya mafua makali navyo huipandisha, tena vizuri tu. Prokalsitonini, kipimo kingine cha damu, huelekea zaidi kwenye bakteria, lakini nayo hukosea.

Ukianza kuhema kwa shida, kuchomwa kifuani ukivuta pumzi au kukohoa damu, rudi hospitali hata kama karatasi imeandikwa 14.