Maswali Yenu: Nyumba Kubwa, Riba na Kodi

SWALI: Assalamu alaykum wahariri. Nina nyumba ya vyumba sita hapa Nyali, Mombasa, mkopo wa milioni 20 kwa riba ya asilimia 14. Mwenzangu kazini ana vyumba viwili Bamburi, mkopo wa milioni 3, riba hiyo hiyo. Kwenye hati za mshahara za mwezi, sote tumepunguziwa 30,000 kwenye mapato yanayotozwa kodi, kwa ajili ya riba ya nyumba. Hesabu haijakosewa?

JIBU: Waalaykum salaam. Haijakosewa. Sheria ya kodi ya mapato ya Kenya haina habari na vyumba vyako. Inatazama riba, na riba ikifika shilingi 360,000 kwa mwaka (30,000 kwa mwezi) hapo ndipo mwisho wa nafuu. Kabla ya mabadiliko ya Desemba 2024, mwisho ulikuwa 300,000.

Fanya hesabu: milioni 20 mara asilimia 14, gawa kwa 12. Riba yako ya mwezi wa kwanza ni 233,333. Ya mwenzako ni 35,000. Nyote mmeuvuka mpaka, ila yeye kauvuka kwa 5,000 na wewe kwa 203,333, na hizo zote unazilipa bila nafuu yoyote.

Na msidhani hizo 30,000 zinaingia mfukoni. Zinatolewa kwenye mshahara kabla haujakatwa kodi, basi. Anayekatwa asilimia 30 anaokoa 9,000 kwa mwezi. Anayepata zaidi ya 500,000 hadi 800,000 kwa mwezi, kiwango chake cha juu ni asilimia 32.5, naye anaokoa 9,750. Kwa hiyo mwenye kipato kikubwa bado anaokoa zaidi kuliko mwenye kipato kidogo kwa 30,000 zile zile, jambo ambalo wengi hawalioni.

SWALI: Kwa nini basi wasipime ukubwa wa nyumba moja kwa moja?

JIBU: Limewahi kufikiriwa. Mwaka 2007 huko Marekani mbunge John Dingell wa Michigan alipendekeza nafuu ianze kupunguzwa kwa nyumba zinazozidi futi 3,000 za mraba, kama mita 279, kwa hoja kuwa nyumba kubwa hula nishati nyingi. Halikuwa sheria. Wenzetu hao wanapima deni: riba ya mkopo hadi dola 750,000 tu ndiyo inayohesabiwa kwa mikopo ya baada ya Desemba 15, 2017. Uingereza waliweka kikomo cha mkopo wa pauni 30,000, kisha Aprili 2000 wakaifuta nafuu yenyewe.

Kwetu futi za mraba zingeleta dhuluma. Nyumba ya ghorofa Mji wa Kale yaweza kuwa na bibi chini, wana katikati na wajukuu juu. Kwa kipimo cha futi hiyo ni nyumba ya tajiri.

SWALI: Nimehamia nyumba yangu ya Mtwapa mwezi wa Septemba. Nidai vipi?

JIBU: Utahesabiwa miezi uliyokaa tu: Septemba hadi Desemba ni miezi minne, kikomo chako ni 120,000. Mpelekee mwajiri barua ya mkopo na ratiba ya malipo ili akupunguzie kila mwezi. Mwaka ukiisha, omba benki cheti cha riba uliyolipa hadi Desemba 31. Ukijaza ritani (taarifa ya kodi ya mwaka) kwenye iTax, mtandao wa mamlaka ya kodi, weka PIN, yaani namba ya mlipa kodi, ya benki (si yako), namba ya akaunti ya mkopo, kiasi ulichokopa, salio na riba. Mwisho ni Juni 30. Ukichelewa, faini ni 2,000 au asilimia 5 ya kodi, iliyo kubwa zaidi.

Kosa linalorudi kila mwaka ni kuandika malipo yote ya mwezi badala ya riba peke yake. Linganisha na P9, fomu ya mwajiri ya mshahara na kodi yako ya mwaka, kabla hujatuma. Nyumba ni moja tu, tena unayoishi mwenyewe. Ukiipangisha, nafuu hii huipati, na kodi ya pango ya asilimia 7.5, kwa pango la 288,000 hadi milioni 15 kwa mwaka, hukatwa kwenye pango zima bila kutoa riba.