Mbwa aliyefundishwa kusimama hatakuzalia wanaosimama

Jumamosi ya tatu ya Oktoba, msimu wa kuwinda fezanti, ndege wa porini jamii ya kuku, ulipofunguliwa South Dakota kwa wageni kama sisi wa Minnesota, mbwa wangu Shaba alisimama. Ana miezi kumi na moja. Alikuwa akikimbia kando ya mabua ya mahindi, akageuza kichwa kama aliyeitwa, mwili mzima ukakaza: mguu mmoja wa mbele juu, mkia hautikisiki, pua imeelekea kwenye nyasi. Nilipiga hatua thelathini nimebana pumzi. Jogoo wa fezanti akaruka, nikampiga risasi, Shaba akaniletea mkononi. Sijawahi kumfundisha kusimama. Nililia mbele ya wenzangu na sikuona haya.

Mnaofuga mbwa wa aina ya Labrador, kama Shaba, mnanielewa. Kazi yake ya asili ni kuokota ndege, hasa majini. Kwenye nyasi akinusa ndege huvamia na kumrusha, yaani kumfanya aruke. Wachache husimama kwanza wakamngojea mwindaji, ndiyo maana kuna chama cha kuwapima, American Pointing Labrador Association. Mbwa akisimama unapata nafasi ya kusogea na kutazama kama ni jogoo au jike, maana majike ya fezanti ni marufuku kupigwa.

Miaka saba iliyopita nilinunua jike aliyesifiwa sana. Muuzaji alinionyesha akisimama mbele ya njiwa waliofichwa kwenye nyasi, nikalipa bila swali. Nikampandisha, na baada ya siku sitini na tatu akazaa watoto wanane. Hakuna hata mmoja aliyesimama. Wote walirusha ndege mbali, risasi haifiki. Kumbe mama yao alifundishwa tangu mdogo, kwa kamba na kola ya umeme. Alichokuwa akifanya ni kutii amri. Yule bwana hakupokea simu zangu tena, na mpaka leo inaniuma, kwa sababu wateja wa watoto wale walinitazama mimi machoni.

Basi sikilizeni. Nendeni mkawaone wazazi wote wawili, porini, mbele ya ndege wa mwituni, mwenye mbwa akiwa kimya. Njiwa aliyefichwa ana harufu ya mkono wa mtu. Wala msidanganyike na bawa la ndege lililofungwa kwenye uzi wa kuvulia, analochezeshewa mtoto wa mbwa ili asimame. Pale mtoto wa mbwa anatumia macho, na shambani kazi ni ya pua. Mama yake Shaba nilimfuata Iowa mara tatu kabla ya kutoa hela, nikamwona akiganda mbele ya kware bila neno. Mara tatu! Uvumilivu huo ndio unaotushinda wengi wetu.

Afya pia. Kuna ugonjwa wa Labrador kuishiwa nguvu za miguu ya nyuma akikimbia sana. Watafiti wa University of Minnesota walitangaza jeni yake mwaka 2008. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, yaani wana jeni hiyo moja bila kuugua wenyewe, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuugua. Pimeni. Mwenye haraka ya kuuza asizalishe mbwa, afanye biashara nyingine.

Watu wanne wameshaomba Shaba awapandie majike yao. Nimewaambia wangoje afikishe miezi ishirini na nne, apigwe picha za eksirei za nyonga, na nimwone msimu mwingine mzima.