Jaza ubao, gawa makundi au uliza? Jibu kwa mwalimu mpya wa Bailojia

Mkuu mleta uzi, hali yako naielewa. Umepangiwa shule, umekabidhiwa Bailojia, darasa moja lina watoto zaidi ya themanini. Chuoni walikusisitizia mbinu shirikishi, na walimu uliowakuta wanakwambia achana na hayo, jaza ubao, watoto wanakili, mada ziishe kabla ya mtihani. Unauliza nani yuko sahihi. Nimefundisha somo hilohilo Sengerema na sasa niko Ilemela, huku Mwanza kando ya Ziwa Victoria, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona darasani.

Usiudharau ubao. Mada ikiwa ngeni kabisa, mwalimu anayeijua akisimama na kuieleza kwa mpangilio anawapa watoto pa kuanzia. Mtoto ambaye hajawahi kusikia habari za seli hawezi kuijua seli kwa kujadiliana na jirani yake ambaye naye hajaisikia. Shida inaanza pale maelezo yanapogeuka imla. Vipindi viwili mfululizo, dakika 80, ubao unajaa, unafutwa, unajaa tena, na hakuna aliyeulizwa kitu. Ukikagua madaftari unafurahi, vichwa vya habari vimepigiwa mstari mwekundu kwa rula. Ukiuliza wiki inayofuata, darasa zima linatazama chini. Mkono unaweza kunakili ukurasa mzima huku akili iko kwenye mpira wa jioni.

Lakini kugawa makundi pekee nako si kufundisha, na hili nalisema kwa uchungu maana nimeliona shule nyingi. Mtaala unaojengwa juu ya umahiri tumekuwa nao sekondari tangu 2005, ulioboreshwa ukaanza kutekelezwa 2024, na bado walimu wengi tunaamini kwamba madawati yakishageuzwa kutazamana basi watoto wameshirikishwa. Nenda kakae nyuma ya darasa uangalie. Watoto kumi wamezunguka kitabu kimoja. Mwenye mwandiko mzuri na Kiingereza kidogo ndiye anayeandika, wawili wanamsaidia kutafuta ukurasa, waliobaki wanasubiri. Kisha mwakilishi anasimama kusoma sentensi za kitabu neno kwa neno, wanampigia makofi. Wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, wakiingia muda huo wataandika kwamba somo ni shirikishi, na watoto saba kati ya wale kumi hawajafikiri lolote.

Mimi nimefikia mahali pa kuamini jambo moja: kila mtoto alazimike kutoa jibu kutoka kichwani mwake kabla hajasikia la mwenzake. Ukilipata hilo, hata ukiwa na chaki tu, watoto wanashika. Ukilikosa, hata ukiwa na maabara yenye kila kitu, hawashiki.

Nikupe mfano wa kichocho, maana huku kwetu ni ugonjwa wa nyumbani. Watoto wanameza dawa zake shuleni, wanaujua kwa jina, halafu wengi wanaamini unaingia kwa kunywa maji machafu. Kabla sijaeleza chochote naandika ubaoni: familia moja inaishi karibu na mwalo (pale wavuvi wanaposhushia samaki), inachemsha maji yote ya kunywa, lakini inafua na kuoga ziwani. Je, A, wako salama; B, watoto tu ndio walio hatarini; C, wote wako hatarini. Nawapa dakika moja ya ukimya. Kisha kila mmoja anaweka vidole kifuani, kimoja, viwili au vitatu, mwenzake asione. Hapo ndipo ninapojua darasa langu liko wapi. Wengi huchagua A.

Siwaambii jibu. Nawaambia kila mtu atafute jirani aliyechagua tofauti na yake amshawishi. Kelele zinapanda, na ni kelele nzuri. Kuna mvulana alishikilia, "Si wameshachemsha? Wadudu wamekufa!" Msichana mmoja anayetokea kijiji cha wavuvi akamjibu, "Umechemsha ya kunywa. Miguu yako umeichemsha?" Benchi zima likanyamaza kufikiria hilo. Tukipiga kura tena, C inapanda. Sasa ndipo naeleza, dakika kumi tu: mayai yanatoka na kinyesi cha mgonjwa na kuingia majini, yanaanguliwa, vijidudu vinaingia ndani ya konokono na kuzaliana humo, vinatoka vikiwa tayari kupenya ngozi ya mtu. Ni maelezo yaleyale ambayo ningeyatoa mwanzoni, ila sasa kila mtoto anasikiliza ajue kama alikuwa sahihi.

Njia hii ina mwenyewe. Eric Mazur, profesa wa Fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani, alianza kuitumia 1991 baada ya kugundua kwamba wanafunzi wake wanakokotoa vizuri huku dhana zenyewe hawazielewi. Haihitaji umeme wala projekta.

Kwenye ubishi huo waache waongee Kiswahili, hata Kisukuma. Mtoto hawezi kufikiri kitu kigumu kwa lugha anayoitafuta. Wakishaelewana, wape dakika tano kila mmoja aandike jibu kwa Kiingereza sentensi mbili au tatu, kwa sababu mtihani utakuja kwa lugha hiyo. Hatua hii usiiruke hata muda ukibana.

Vitendo ni vizuri, na sisi wa kando ya ziwa tuna bahati. Sato mmoja kutoka mwaloni Kirumba anakutosha kufundisha matamvua, moyo na mfumo wa chakula. Ila kabla ya kumpasua, kila mtoto achore anachodhani atakikuta ndani na kilipo. Bila hivyo wataishia kufurahia kisu. Na tafadhali, ukifundisha kichocho usiwapeleke ziwani kuokota konokono kwa mikono.

Jambo ambalo limenisaidia kuliko yote kwenye matokeo ni dakika tano za mwanzo wa kipindi. Madaftari yamefungwa, maswali matatu: moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Wanabadilishana karatasi na kusahihishiana, mimi siandiki alama popote, kwa hiyo hakuna mlundikano wa kusahihisha na hakuna anayeogopa. Wanasaikolojia wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio kuhusu hili 2006. Wanafunzi walisoma kifungu, kisha wengine wakakirudia kukisoma, wengine wakakiweka kando na kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja, wao walikumbuka asilimia 42, wenzao 56. Mtihani wa taifa haufanyiki dakika tano baada ya kipindi.

Jiandae kwa malalamiko. Watoto watasema, "Mwalimu huyu hafundishi, anatuuliza tu," na wazazi watayasikia. Harvard haohao walipima hili, wakachapisha 2019: wanafunzi waliofundishwa kwa kushughulishwa walijifunza zaidi, lakini wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara mzuri. Kwa hiyo usiwaulize kama wameelewa. Wape swali.

Na mwalimu wa taaluma akikubana kuhusu kumaliza mada, toa notsi nje ya kipindi. Andika kwa ufupi, mpe kiongozi wa darasa, wanakili wakati wa maandalio ya jioni. Muda unaoupata hapo ndio wa kura na ubishi. Anza na swali moja tu la kura kwa wiki, kwenye mada unayoimudu zaidi. Nina maswali niliyoyaandaa ya magonjwa, lishe na uainishaji. Ukiyahitaji sema, nitayaweka hapahapa.